Vidonge Nilivyovitolea Ushuhuda

Sitaanza kwa kusema Bwana asifiwe, ingawa ndivyo nilivyofundishwa kuanza. Nilianza hivyo mara moja, mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, uso umejaa furaha, na maneno niliyoyasema siku ile yalikaribia kumuua mama yangu mzazi. Kwa hiyo leo naanza na vidole.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Makutano, Meru, katika chumba kilichobanwa kati ya duka la mbegu na kibanda cha kutengeneza simu. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nilizaliwa Siakago, kule Mbeere ambako jua halina huruma, na kwetu wananiita Wanjira. Huku nilikoolewa mimi ni Mama Mwenda, kwa jina la mwanangu aliye shule ya bweni. Mume wangu, Kirimi, anauza viazi katika soko la Gakoromone. Nasema haya ujue kwamba nyumbani kwetu hakuna mtu wa hospitali, na hakuna mjinga pia.

Januari ile, msimu ambao kila mzazi anataka kaptula na marinda yawe tayari kesho yake, niliamka nikashindwa kufunga mkono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na vina moto ndani. Nilidhani nimelalia mkono vibaya. Siku ya tatu makasi yakanishinda. Makasi ya fundi ni mazito, na kila nilipoyabana, kano za kidole gumba zilivuta hadi karibu na kiwiko. Nikawa nakata kitambaa kwa mikono miwili, meno nimeyauma, huku mteja akinitazama kwa huruma. Huruma ya mteja siipendi. Ni afadhali anigombeze.

Asubuhi nilihitaji beseni la maji ya moto na karibu saa nzima kabla ya kuweza kushika kikombe. Kirimi akajifunza kunifunga vifungo vya rinda. Mwanamume yule hubeba gunia la viazi bila kupumzika, lakini kifungo kidogo cha mgongoni kilimtoa jasho. Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya nne hakuna aliyecheka.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi refu la mbao, kila mtu amekumbatia kadi yake kifuani kana kwamba itaibiwa. Tuliulizana: wewe ni goti, wewe ni nyonga, wewe ni bega. Baada ya vipimo wakaniambia ni baridi yabisi, ile inayoshika viungo vingi kwa pamoja. Walinipa dawa za kutuliza maumivu na tarehe ya kliniki ya viungo. Tarehe yenyewe ilikuwa mwezi wa nne. Nilitembea hadi nyumbani nikijiuliza ni mwanamke gani anaweza kuacha cherehani msimu wa sare hadi mwezi wa nne.

Kina mama wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kunitembelea, kama tunavyomtembelea kila mgonjwa, na unga, sukari na maombi. Waliongozwa na mwenyekiti wetu, Mama Joy. Nataka umjue vizuri mama huyu. Nilipompoteza mtoto wangu wa pili akiwa mchanga, yeye ndiye aliyekaa nami juma zima, akinipikia uji na kunikaripia nikikataa kunywa. Sikuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo. Wenzake walipoaga, alibaki, akafungua mkoba wake na kutoa mkebe mweupe wenye kifuniko cha kijani na picha ya goti.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma neno la siku: "Glukosamini. Kondroitini. Kolajeni ya ng'ombe. Manjano. Mafuta ya samaki. Utando wa ganda la yai." Kisha akavua miwani. "Umeona? Ni vitu vya jikoni. Hii si dawa, Mama Mwenda. Hii ni chakula ya viungo."

"Na nikichanganya na zile za hospitali?"

"Kwani ukikunywa supu ya mifupa huwa unauliza daktari kwanza?"

Nikacheka. Supu ya mifupa ndiyo tiba ya magoti tangu nipate akili. Hata madereva wa malori pale Makutano hawaanzi safari bila kikombe. Kama kuna mtu amekausha supu akaitia kwenye kidonge, nikaona ni werevu tu.

Siku ya tatu asubuhi nilifunga mkono. Nilikaa kitandani nikiufunga na kuufungua, machozi yakinitoka, nikamwita Kirimi aje aone. Siku ya tano nilikata kaptula kumi bila kupumzika.

Jumapili ya mwisho ya Machi, mvua ikipiga mabati, nilisimama kutoa ushuhuda. Niliinua mikono yote miwili, nikakunja vidole, nikavinyoosha. Vigelegele vikapigwa hadi mvua haikusikika. Nikasema Mungu ametumia vitu vya jikoni kuniponya. Nikasema, nayakumbuka maneno haya mpaka leo: "Msiogope, hizi si dawa." Ibada ilipoisha Mama Joy alikuwa amezungukwa na wanawake wenye magoti, migongo na mabega, akiwauzia mikebe.

Juma lililofuata nilimpelekea mama yangu mikebe yake. Sisi watoto wake tunamwita Mami. Ana zaidi ya miaka sabini, anaishi Siakago na dada yangu mdogo, Rwamba, na magoti yake yalikuwa yanamsumbua kila anapoinama kupalilia kunde. Aliupindua mkebe, akautikisa, akavinusa vidonge kama ninayemuuzia samaki.

"Ni dawa?" aliniuliza.

"Si dawa, Mami. Ni chakula."

Akameza. Aliniamini mimi, hakuamini mkebe.

Mwezi wa nne nikaenda kliniki kwa ajili ya kutimiza ahadi tu. Daktari aliniuliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia mbali na zile walizonipa. "Hakuna," nikamjibu. Sikuwa nadanganya, au ndivyo nilivyojiambia. Aliitazama mikono yangu, akatazama vipimo vya awali, akakunja uso, akaniandikia tarehe nyingine. Kadi ile niliitupa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Kisha nikaanza kunona. Kwetu, Meru au Embu, kumwambia mwanamke amenona si tusi. Ni kumwambia kwamba nyumba yake ina amani. Mashavu yalijaa, videvu vikawa viwili, na Gakoromone wanawake wakampongeza Kirimi waziwazi: "Unalisha bibi vizuri! Tuletee hizo viazi zenye unampikia!" Kanisani waliniangalia wakasema Mungu akitenda hafanyi nusu. Na mimi nilijiona mrembo, kwa nini nifiche.

Lakini fundi ana utepe wa kupimia, na utepe haujui kusifu. Nilipopanua marinda yangu niliona kiuno kinaongezeka huku mikono na mapaja vikipungua. Niliona na nikanyamaza. Nikigusa ukingo wa meza kidogo tu, doa jeusi lilitokea mkononi na kukaa wiki mbili. Njaa haikuniisha, na usingizi ulinikimbia. Niliyaona yote hayo, na kila asubuhi nilimeza viwili, kwa sababu vidole vilikuwa vinafanya kazi.

Kirimi peke yake ndiye aliyeogopa.

"Hii si kunona," aliniambia siku moja tukila.

"Ni nini basi?"

"Sijui. Lakini mimi nimeuza viazi miaka mingi. Kuna kiazi imejaa chakula, na kuna kiazi imejaa maji. Kwa macho ni sawa tu."

"Umeniita kiazi?"

"Nimesema naogopa."

"Umeniita kiazi kilichooza, Kirimi. Ndani ya nyumba yangu." Nilibeba sahani yangu nikaenda kulia jikoni, na hatukuongea siku tatu. Ilikuwa rahisi kukasirika kuliko kufikiri.

Mkebe wangu wa mwisho uliisha katikati ya baridi ya Julai. Mama Joy akasema mzigo umekwama njiani, nivumilie wiki moja. Siku ya pili moto ulirudi kwenye vidole. Siku ya nne nilikuwa nikishona kola nikaona mguu hauondoki kwenye kanyagio. Niliuamuru, ukakataa. Nikatapika juu ya kitambaa cha watu, kisha sakafu ikanijia usoni. Mama wa duka la mbegu ndiye aliyeniokota.

Hospitalini muuguzi alinifunga mkono, akapima presha, akautazama ule mtambo, akapima tena. "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna."

Walipima malaria, wakapima taifodi, wakanitundikia maji. Jioni mwingine akauliza, nikasema hakuna. Kesho yake asubuhi wa tatu akainama karibu na sikio langu: "Hata ya kienyeji? Hata ya kununua tu dukani?" Nikasema hakuna. Mara tatu niliulizwa, na mara tatu nikakana.

Siwezi kusema nilikuwa na maumivu. Ilikuwa kama mtu anazima taa moja moja ndani yangu. Sauti zilitoka mbali. Nilijua nakufa, na kilichonitisha baadaye, nilipopata nafuu, ni kukumbuka kwamba sikuogopa hata kidogo. Sikuwa na nguvu ya kuogopa.

Siku yangu ya tatu hospitalini, saa saba mchana, wakati wa kuwaona wagonjwa, Kirimi aliingia na koti lake lenye vumbi la viazi. Hakunisalimu. Alimwendea daktari aliyekuwa anapita, binti mdogo mwenye miwani, akatoa mkebe mtupu ndani ya koti.

"Daktari, mimi sijasoma sana," alisema. "Lakini bibi yangu amekula hii kitu kila siku tangu mwezi wa tatu. Ilipoisha ndio alianguka."

"Hiyo si dawa," nikasema, kwa sauti ndogo iliyokuwa imebaki. Hata nikifa, nilikuwa tayari kufa nikiutetea mkebe.

Daktari alisoma orodha yote. Kisha akaweka mkebe chini, akanitazama uso, akafunua shuka akatazama madoa ya mikononi na miguu yangu iliyokonda.

"Hizi zimeandikwa hapa ni vitu vya kawaida," alisema. "Hakuna hata moja inaweza kufungua mkono kwa siku tatu, na hakuna inaweza kukuvimbisha uso hivi. Nafikiri kuna kitu waliweka na hawakuandika. Steroidi, ile dawa kali ya kushusha uvimbe, na si kidogo. Mwili wako ulizoea kupewa, ukaacha kujitengenezea yake. Sasa umekatiza ghafla, na mwili unazima." Alikuwa akiongea huku tayari akimwita muuguzi alete sindano.

Nilimshika Kirimi mkono. "Mami," nikasema.

Nikaona rangi ikimtoka usoni. "Nilipigia Rwamba juzi, jioni ile ulianguka," alisema polepole. "Nilimwambia hizo vitu ni mbaya. Nikamwambia azimwage zote kwa choo."

Hakufanya kosa ambalo mimi nisingelifanya. Ukigundua kitu ni sumu, unakitupa. Daktari alisimama na sindano mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mpigieni sasa hivi," alisema.

Simu ya Rwamba haikupatikana. Kirimi akapiga tena, na tena. Ile sauti ya kike ya kutuambia mteja hapatikani ilikuwa na adabu sana, na nilitamani kuipiga kofi. Nilijua Rwamba huacha simu kwa kinyozi sokoni kuchajiwa. Nililala pale sindano ikiingia mshipani, mwili wangu ukiamka kidogo kidogo, na kila nguvu iliyonirudia nilijua ndiyo inayomtoka Mami wakati huo huo. Nilijichukia. Sina neno la upole zaidi. Nilimwambia Mungu achukue mikono yote miwili, na cherehani juu yake, amwache yule mama.

Hatimaye simu ikaita, Kirimi akaniwekea sikioni.

"Rwamba, Mami yuko wapi?"

"Amelala tu. Anasema jua limemchosha. Tangu jana hataki kula, na ametapika kidogo. Kwani wewe umepona?"

"Muamshe. Mpeleke hospitali saa hii."

"Kwa nini? Si nilimwaga zile vitu zote? Kirimi alisema—"

"Najua alisema. Ndio maana anaumwa. Rwamba, nisikize. Hazikutakiwa kukatizwa ghafla. Daktari atataka kuona alikuwa anakula nini. Mkebe uko wapi?"

Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu wakilia nyuma yake.

"Mkebe uko," alisema. "Mami alikataa niutupe. Ameweka mbegu za kunde ndani."

Mama yangu hajawahi kutupa mkebe wenye kifuniko kizuri. Maisha yetu yote tumemcheka kwa jambo hilo.

"Mwaga hizo mbegu," nikamwambia. "Beba mkebe. Usiwaambie ni chakula. Waambie ni dawa, na aliacha ghafla."

Kutoka hapo hadi jioni sikujua lolote. Jirani yangu wa kitanda cha pili, nyanya wa Imenti aliyevunjika nyonga, alikuwa amesikia yote na hakuuliza swali hata moja. Alimega nduma yake ya kuchemsha akaninyooshea nusu. "Kula," alisema. "Kungoja kunataka nguvu." Nikala. Ile nduma sitaisahau.

Jua likikaribia kuzama, simu ikalia. Rwamba alikuwa Embu. Hospitali ya Siakago ilikuwa imemchoma Mami sindano kama yangu, kisha ambulensi ikampeleka mbele. "Walipoona mkebe hawakupoteza wakati," alisema. "Amefungua macho."

"Amesema nini?"

"Anauliza nani alimwaga mbegu zake."

Nililia kwa sauti, wodi nzima ikanisikia, na sikujali. Kirimi alitoka nje kwenye korido. Nilimsikia akipenga kamasi.

Kesho yake nilimpigia Mama Joy. Nilimwambia awaambie kina mama wote wasikatize ghafla, waende hospitali na mikebe yao. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mama Mwenda, hiyo ni vita ya kiroho. Shetani anataka kuiba ushuhuda wako."

"Mami alikuwa karibu kufa, Mama Joy."

"Tutamwombea," alisema. Simu ikakatika, au aliikata.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani Jumamosi. Jumapili nilikuwa mlangoni pa ofisi ya mchungaji kabla ya ibada, nimemshikilia Kirimi. Mchungaji hakufurahi. "Ushuhuda haurudishwi, mama. Watu watafikiri Mungu alidanganya."

"Mungu hakusema kitu, mchungaji. Ni mimi nilisema."

Alinitazama uso, kisha akanipa dakika tano.

Nilisimama mahali pale pale pa Machi. "Uso huu mliusifu," niliwaambia. "Uangalieni vizuri, huu ni ugonjwa. Nilisema hapa kwamba si dawa. Sikujua ni nini, na nikasema najua. Mama yangu yuko hospitali ya Embu kwa sababu aliniamini. Kama una mkebe nyumbani, usiutupe, na usiache leo. Kesho asubuhi nenda hospitali, uuweke mezani mbele ya daktari." Hakuna aliyepiga kigelegele. Wengine walianza kuitazama mikono yao. Mama Joy aliinuka kwenye kiti cha mbele, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya kanisa hadi nje bila kunitazama.

Jumatatu wakaja wanne dukani kwangu, mikebe imefungwa kwenye mifuko ya karatasi. Walijua njia ya hospitali. Walitaka mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Nikafunga duka tukaenda. Wengine walinisema vibaya, kwamba nimemharibia mwenzangu riziki kwa wivu, na mpaka leo kuna wasionisalimu.

Usifikiri nilipona siku ile. Walinipa steroidi hiyo hiyo, ya halali, wakawa wanaipunguza kidogo kidogo mwezi hadi mwezi, na mbaazi zilivunwa, na mvua za Oktoba zikaja, bado napunguziwa. Maumivu yalirudi yote, pamoja na riba. Sasa nina dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, Ijumaa, na Jumamosi zangu zina kichefuchefu. Natolewa damu kupimwa. Kwenye chumba cha mazoezi nachovya mikono ndani ya nta ya moto, inatoka imevaa glavu nyeupe, na kwa nusu saa nasahau kwamba ni mibovu. Kirimi alizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye makasi yangu yasiniumize. Kufikia Krismasi kidevu cha pili kilikuwa kimeondoka. Na sasa watu walianza kunisimamisha njiani: "Umekonda sana, kwani unaumwa?" Nilipokuwa nakufa walinipongeza, na nilipoanza kupona wakanipa pole.

Nilimuuliza daktari wa kliniki kuhusu vile vilivyoandikwa kwenye mkebe, mafuta ya samaki na kolajeni na manjano. Hakunicheka. Alisema kuna watu huona nafuu kidogo, wengine hawaoni kitu, na kwamba nikitaka kujaribu nimwonyeshe kwanza. "Lakini kikikuponya kwa siku tatu," alisema, "kimbia." Mami amerudia supu yake ya mifupa na mkongojo. Aliniambia mara moja tu, kwa Kimbeere, tukiwa tumekaa wawili: "Wewe uliniambia ni chakula." Hakulirudia tena, na mimi silisahau.

Mama Joy nimemweka mwisho makusudi.

Alikuja wiki ya tatu baada ya ile Jumapili, asubuhi ya ukungu, amejifunika leso hadi mashavuni. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki tatu nzima, kila nikikanyaga cherehani, nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia, makali, na mengine si ya mtu wa kanisa. Alisimama mlangoni akateremsha leso. Mama Joy ni mnene wa kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona. Mimi nikaona. Ulikuwa uso wangu ule ule.

Alifungua kiganja. Ndani kulikuwa na vidonge vitatu.

"Zimebaki hizi tu," alisema. "Nimekunywa kuliko nyinyi wote. Hakuna zingine zinakuja, yule wa kuniletea amezima simu. Kesho nikiamka, nimeze ama nisimeze?"

Maneno yangu yote makali yalinitoroka. Nilifunika cherehani, nikafunga mlango.

Tulikaa kwenye benchi lile la mbao karibu asubuhi yote, bega kwa bega. Jina lake lilipoitwa alinivuta mkono wa sweta. "Ingia na mimi," alisema.

Muuguzi alikuwa anaandika, hakuinua macho. "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

Nikaona midomo yake ikijikunja kutamka neno lile, neno langu. "Ha..." alisema, akanyamaza. Ningeweza kumsemea. Sikumsemea. Vidole vyake vilianza kuhangaika na kifungo cha mkoba, ule ule wa siku ile, vikashindwa. Najua vidole vya namna hiyo. Nikanyoosha mkono wangu uliopinda, nikamfungulia.

Mkebe aliutoa mwenyewe. Akauweka mezani.

"Ni hii," alisema. "Ni dawa."